Padri Aliyesoma Mawingu: Maisha ya Benito Viñes



Taarifa ya habari ya usiku ikikaribia kwisha, kuna dakika mbili tatu ambazo wengi wetu tunanyanyuka kwenda kunawa mikono tule. Ni pale anapotokea mtangazaji wa hali ya hewa, ramani ikiwa nyuma yake: mvua Kagera, upepo Mafia, mawimbi Tanga. Tunamsikiliza nusu nusu. Akipatia hatumshukuru, akikosea tunamcheka wiki nzima. Lakini kazi ile ina historia, na katika historia hiyo yumo padri mmoja Mjesuiti aliyeifanya kabla televisheni na redio hazijakuwepo duniani. Anaitwa Benito Viñes. Watu wa visiwa vya Karibi walimwita Padre Huracán, yaani Padri Kimbunga.

Hutamkuta kwenye kalenda ya watakatifu. Hana novena. Mimi nilianza kumpenda kwa sababu ya swali moja ambalo kijana yeyote Mkristo atalikuta njiani: ukijua jambo linaloweza kumwokoa mwenzako, na huna uhakika wa asilimia mia, unasema au unanyamaza?

Kutoka Poboleda hadi Havana

Benito alizaliwa tarehe 19 Septemba 1837 huko Poboleda, kijiji cha milimani katika mkoa wa Tarragona, Hispania. Aliingia Shirika la Wajesuiti akiwa bado kijana, na humo akaonekana kuwa na kichwa chepesi cha hisabati na fizikia. Mambo yangeweza kwenda taratibu tu: masomo, upadrisho, kisha kufundisha katika chuo fulani cha nyumbani mpaka uzeeni.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1868 mapinduzi yalimwondoa Malkia Isabella II, na serikali mpya ikawapiga marufuku Wajesuiti nchini. Viñes, kama wenzake wengi, akalazimika kuondoka kwao na kwenda Ufaransa. Mwaka 1870 wakubwa wa Shirika walimtuma ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, mjini Havana, katika kisiwa cha Cuba kilichokuwa bado koloni la Hispania. Wakati huo Cuba ilikuwa ndani ya vita vya kudai uhuru. Kwa hiyo alitoka kwenye nchi iliyomfukuza akaingia kwenye nchi inayopigana. Alikuwa na miaka 32.

Havana kulikuwa na shule ya Wajesuiti iliyoanzishwa mwaka 1854, Colegio de Belén. Belén kwa Kihispania ndiyo Bethlehemu. Ndani ya shule hiyo, tangu mwaka 1857, walikuwa na kituo kidogo cha kuchunguza hali ya hewa: barometa, vipimajoto, vyombo vya kupima upepo, na madaftari. Viñes akakabidhiwa kituo hicho. Ndiyo ikawa parokia yake, tuseme, mpaka anakufa.

Oktoba ya mwaka huohuo wa kwanza, kimbunga kikali kilipiga eneo la Matanzas, mashariki ya Havana, na mamia ya watu wakafa. Katika makoloni ya Hispania, vimbunga vilipewa jina la mtakatifu wa siku vilipopiga. Hebu fikiria: jina la mtakatifu unayemwomba likawa pia jina la siku uliyompoteza mama yako. Watu walivipokea vimbunga kama kitu kinachodondoka tu kutoka mbinguni. Vilikuja, viliua, vikapita, wakazika, wakajenga tena.

Miaka mitano ya kuandika namba

Ukisoma maisha ya mashujaa unasubiri kwa hamu pale watakapofanya jambo kubwa. Kwa Viñes inabidi usubiri miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo hakuna cha kusisimua hata kidogo. Aliamka kabla ya alfajiri akasoma barometa. Akaandika. Akatazama mawingu yanakotoka na yanakokwenda. Akaandika. Saa zikapita, akarudi kwenye vyombo vilevile. Ilikuwa hivyo mara nyingi kwa siku, tangu giza la asubuhi hadi usiku, siku ya jua na siku ya mvua. Katikati ya hayo kulikuwa na Misa, sala na maisha ya jumuiya kama kwa Mjesuiti yeyote.

Pamoja na hayo alifukua madaftari ya watangulizi wake, yaliyokuwa yamejaa vipimo vya miaka mingi ambavyo hakuna aliyekuwa amekaa chini kuvichambua. Akasoma magazeti ya zamani na taarifa za manahodha. Wataalamu wengine walishajua kwamba kimbunga ni upepo unaozunguka. Lililokuwa halijulikani ni hili: mtu aliyesimama ufukweni, anga ikiwa bado nyeupe, atajuaje kwamba kimbunga kipo, kiko wapi, na kinaelekea wapi?

Jibu alilikuta juu ya kichwa chake. Kimbunga huvuta hewa kwa chini na kuitoa kwa juu. Chini, upepo unazunguka huku ukiingia ndani. Juu kabisa, hewa inamwagika kwenda nje, ikibeba mawingu membamba ya barafu, meupe kama nyuzi za pamba. Mawingu hayo yanatangulia mbali, mamia ya kilomita mbele ya kimbunga, wakati huku chini wavuvi bado wanaona bahari shwari. Viñes aliona kwamba nyuzi zile zikitandazika angani kama feni ya mkononi, pale zinapokutania kwenye upeo ndiko kiliko kitovu cha kimbunga. Akilinganisha mwendo wa mawingu ya juu, ya kati na ya chini, pamoja na upepo na barometa, aliweza kukisia kimbunga kinapita njia gani.

Aliona pia kwamba vimbunga vya Karibi vina tabia kulingana na mwezi. Huanza kwa kwenda magharibi, halafu hupinda kuelekea kaskazini na kaskazini mashariki. Vya Agosti husafiri kaskazini zaidi kabla ya kupinda kuliko vya Juni au Oktoba. Jambo ambalo watu walidhani halina mpangilio lilikuwa na mpangilio. Ilitakiwa tu mtu wa kukaa nalo kwa uvumilivu.

Tarehe 11 Septemba 1875

Siku hiyo dalili zote zilisema jambo moja. Viñes akawa na uamuzi wa kufanya.

Angeweza kuandika kwenye daftari lake, akasubiri, na kimbunga kikija akachapisha makala ya kitaalamu kueleza kwamba alikuwa amekiona. Hapo hakuna hatari. Heshima ya msomi ingebaki palepale. Kutangaza mapema ni kitu kingine kabisa. Ukitangaza na kimbunga kisije, wenye meli wamepoteza fedha, wafanyabiashara wamefunga maduka bure, na wewe padri wa kigeni umekuwa kichekesho cha mji. Tena kesho yake ukisema kweli, hakuna atakayekusikiliza.

Alitangaza. Onyo lake likatoka kwenye magazeti ya Havana tarehe 11 Septemba 1875. Siku mbili baadaye kimbunga kikapiga pwani ya kusini ya Cuba, kama alivyosema, na walioonywa walikuwa wamepata muda wa kujihami. Kimbunga hichohicho kiliendelea hadi Texas, Marekani, na tarehe 16 Septemba kikaubomoa mji wa bandari wa Indianola. Zaidi ya watu 150 walikufa.

Hapa naomba tusimame kidogo kwenye neno letu la Kiswahili. Tunasema utabiri wa hali ya hewa, na tunasema pia mtabiri kwa yule anayedai kusoma nyota yako au kukupigia ramli. Neno ni moja, ila mambo yenyewe ni mbalimbali kama mbingu na ardhi. Mpiga ramli anaficha njia yake, kwa sababu siri ndiyo biashara yake. Anajifanya kumiliki kesho, ambayo ni ya Mungu. Ndiyo maana Kanisa linatukataza kwenda kwake. Viñes alifanya kinyume chake. Dalili zake alizichapisha kwenye vitabu ili nahodha yeyote azisome, azipime, na akimkuta padri amekosea, aseme. Hakudai kuijua kesho. Alitazama leo kwa makini sana, akasema leo hii inaelekea wapi.

Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 12, anawaambia watu kwamba wanajua kuona wingu likitokea magharibi na kusema mvua inakuja, na inakuwa hivyo. Hawakemei kwa kusoma mawingu. Anawakemea kwa kusoma mawingu wakakataa kuzisoma nyakati. Na Mtakatifu Thomas wa Akwino, ambaye sisi waseminari tunashinda naye darasani, anatufundisha kwamba Mungu ametoa heshima hata kwa viumbe kuwa visababishi vya kweli. Upepo unasukuma kweli. Wingu linanyesha kweli. Kuchunguza visababishi hivyo si kumnyang'anya Mungu kazi yake. Ni kuiheshimu kazi aliyoifanya.

Padri wa mabandari yote

Mwaka uliofuata, 1876, vimbunga vilirudi. Viñes akaonya tena. Vilipopita hakubaki ofisini. Alisafiri ndani ya Cuba na hadi Puerto Rico, akatazama miti imeangukia upande gani, maji yalifika wapi, akawahoji walionusurika. Mwaka 1877 akachapisha kitabu chake kuhusu vimbunga vya Septemba na Oktoba vya miaka hiyo miwili. Kitabu hicho kilimfanya ajulikane mbali na Cuba.

Kisha akajenga mtandao. Kampuni za simu za maandishi zilimsaidia kupitisha taarifa, na waangalizi katika visiwa vingine vya Karibi wakawa wanamtumia vipimo vyao. Alipoona dalili, naye akawarudishia maonyo. Watu ambao hawakuwahi kuonana uso kwa uso wakawa wanalindana. Mwaka 1888 alitengeneza kifaa rahisi alichokiita siklonoskopu, ili nahodha aliye peke yake baharini, bila simu wala padri, aweze kukisia kitovu cha kimbunga kiko upande gani na akimbilie wapi.

Manahodha wengi hawakuwa Wakatoliki, na wengine hawakuwa na dini kabisa. Hakuwauliza. Onyo lilikuwa la wote. Mjesuiti mwenzake, Padri Federico Faura, alikuwa akifanya kazi kama hiyohiyo kule Manila, Ufilipino, ambako alianza kuonya juu ya tufani mwaka 1879.

Mwaka 1893 Viñes aliandaa maandishi yake ya mwisho kwa ajili ya mkutano wa wataalamu wa hali ya hewa uliokuwa ufanyike Chicago mwezi wa Agosti. Afya yake ilikuwa imeshachoka. Aliandika kila alichokijua kuhusu mzunguko na mwendo wa vimbunga vya Karibi, kama baba anayeandika wosia. Alipomaliza, zikapita siku chache tu, akafariki Havana tarehe 23 Julai 1893, akiwa na miaka 55. Mkutano ulifanyika bila yeye.

Walipoacha kusikiliza

Hadithi haikuishia kaburini. Padri Lorenzo Gangoiti alichukua nafasi yake Belén na kuendelea na njia ileile. Mwaka 1898 Marekani iliishinda Hispania na kuitawala Cuba. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ikaweka ofisi yake Havana. Mwaka huohuo idara hiyo ilichapisha tafsiri ya Kiingereza ya yale maandishi ya mwisho ya Viñes. Yaani kitabu walikithamini. Lakini wanafunzi wake walio hai waliwaona kama watu wa kutia hofu tu. Msimu wa vimbunga wa mwaka 1900 maonyo ya Wacuba yakazuiliwa kupita kwenye nyaya za simu kwenda Marekani.

Septemba mwaka huo kimbunga kilipita Cuba. Belén waliamini kinaelekea Ghuba ya Meksiko, upande wa Texas. Washington waliamini kitapinda kwenda Florida na pwani ya mashariki. Tarehe 8 Septemba 1900 kikaangukia mji wa Galveston, Texas. Waliokufa hawakupungua 6,000, na makadirio mengi yanataja 8,000. Hadi leo hakuna janga la asili lililoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani.

Siandiki hili ili tuwanyooshee kidole watu waliokwisha kufa. Naliandika kwa sababu linanitisha. Unaweza kuwa na kitabu cha mtu mwenye hekima rafuni, na huku umefunga mlango asiingie mwanafunzi wake. Kuna vijana wenye Biblia nzuri yenye kava ya ngozi ambao hawapokei simu ya mama.

Na sisi huku pwani?

Tusidhani haya ni mambo ya Karibi peke yake. Tarehe 15 Aprili 1872, miaka miwili baada ya Viñes kufika Havana, kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'olewa mashamba kwa mashamba, na Sultani Barghash akapoteza meli zake. Ng'ambo ya pili, Bagamoyo, misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyokuwa imeanza mwaka 1868 iliharibiwa vibaya. Hapakuwa na wa kuonya. Vimbunga ni nadra kufika karibu na ikweta namna hii, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akitazama.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea, mambo yalikuwa tofauti. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa siku kadhaa mfululizo, watu wa pwani wakaambiwa wasiende baharini, na tarehe 4 kimbunga kikafika Mafia kikiwa kimeshatangazwa nchi nzima. Wapo waliolalamika kwamba wametishwa bure kwa kuwa kilipungua nguvu kilipofika nchi kavu. Mimi nasema mshukuru Mungu kwa onyo ambalo hukulihitaji sana. Ni bora kuliko onyo ulilolihitaji likakosekana.

Tubebe nini?

La kwanza, uaminifu katika madogo. Tangazo la 1875 lilitokana na maelfu ya vipimo ambavyo hakuna aliyempigia makofi. Kijana, zile sala zako fupi za asubuhi, kitabu unachosoma kurasa kumi kila siku, ufundi unaoujifunza bila mtu kukuona, usividharau. Siku ukihitajika hutapata muda wa kuanza kujifunza.

La pili, imani si kisingizio cha kutotazama. Kusema yote yamo mikononi mwa Mungu ni kweli kabisa. Lakini Mungu huyohuyo ametupa macho. Mtu anayeona dalili za ugonjwa mwilini mwake akakataa kwenda hospitali kwa kuwa anaombewa, hamheshimu Mungu kwa kufanya hivyo. Tuombewe, na twende hospitali.

La tatu ndilo gumu, na linaturudisha kwenye swali letu. Unamwona rafiki yako anaingia kwenye kamari ya simu, na kila wiki anazama zaidi. Unamwona mdogo wako wa kike anazungukwa na mtu mzima mwenye zawadi nyingi. Kimbunga hakijafika, lakini nyuzi zile nyeupe ziko angani na wewe umeziona. Ukisema, unaweza kukosea, ukaitwa mnoko, ukapoteza urafiki. Ukinyamaza, utabaki na daftari lako safi na maelezo mazuri sana ya kilichotokea. Viñes alichagua kusema, akasema kwa upole, kwa ushahidi, na kwa wakati. Kujua ni deni, na wa kulipwa ni jirani yako.

Wiki hii nakuomba mambo mawili tu. Usiku mmoja, kaa umsikilize mtangazaji wa hali ya hewa mpaka amalize, kisha mwombee yeye na wale wanaokesha na vyombo vyao ili sisi tulale. Halafu mtafute mtu mmoja ambaye umekuwa ukikwepa kumwambia jambo analohitaji kulisikia.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeweka mpangilio hata ndani ya tufani, tupe macho ya kutazama, uvumilivu wa kujifunza, na moyo wa kumwonya ndugu kabla ya dhoruba. Utuepushe na kiburi cha kutosikiliza. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.